Jicho la juu nalo lipimwe

Kila mchimbaji wa Likasi anajua: mbele ya kumwanga mifuko kwenye dépôt, unauliza kwanza kama mizani inasema kweli. Basi picha za satelite, zile wakubwa wanatandika mezani kutuonyesha mipaka ya karieri na uchafu wa mto Panda, nazo ni mizani. Nani amezipima?

Satelite kama Sentinel-2 ya Ulaya, ya kwanza ilirushwa 2015, haipigi picha tu. Inahesabu mwangaza ambao udongo unarudisha, kwa rangi 13, hata zile jicho la mutu halioni. Lakini kule juu vyombo vinachoka, hesabu inaanza kupotoka. Njo maana wanavipima tena juu ya majangwa. Huko Gobabeb, Namibia, chombo cha juu ya mlingoti kinapima mwangaza wa changarawe, halafu wanalinganisha na kile satelite imeona. Kazi safi, hatuna neno.

Ila Gobabeb haijui udongo wetu mwekundu, wala mabaki ya Shituru. Jicho likiwa sawa, ramani inaweza bado kudanganya: matope ya mvua yanaweza kufanana na maji ya kiwanda, na asidi haina rangi. Tena musimu wa mvua mawingu yanafunika, picha zinabakia nyeupe.

Syndicat inaomba hivi: ramani ikiletwa kwenye mkutano, ije na tarehe ya picha, na orodha ya mahali walichota maji na udongo, wajumbe wetu wakiwepo. Na chupa ya pili ibakie kwetu.