Tovuti za Ofisi Zimjibu Mwananchi



Siku hizi wizara, mikoa, halmashauri na mashirika ya umma yana tovuti zake, na ipo Mamlaka ya Serikali Mtandao iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019 kusimamia kazi hiyo. Hayo ni maendeleo na yanastahili pongezi. Lakini ofisi kuwa na tovuti ni jambo moja, na tovuti hiyo kumfaa mwananchi ni jambo jingine.

Ukifungua tovuti nyingi, kwanza unakutana na picha za viongozi wakiwa katika ziara na warsha. Halafu inafuata dira, dhima na muundo wa idara. Mwananchi hakuja kutafuta hayo. Amekuja na swali lake: akitaka leseni ya biashara afike na nini mkononi? Ada ni shilingi ngapi? Amwone nani, na siku gani? Jibu, kama lipo, limewekwa chini ya idara ambayo hata jina lake halijui.

Mwaka jana jirani yangu alisafiri kutoka kijijini kwenda ofisi moja mjini. Alikuwa na nakala za vyeti na fedha kamili, kama tovuti ya ofisi hiyo ilivyoeleza. Alipofika aliambiwa kwamba ada ilikwishabadilika, na kwamba ilitakiwa pia barua ya mtendaji wa kijiji. Tangazo jipya lilikuwa limebandikwa ukutani, la zamani likaachwa mtandaoni. Alirudi mikono mitupu, amepoteza nauli na siku mbili za palizi. Je, hasara hiyo nani atamlipa?

Kwa maoni yangu, ofisi ingepanga mambo yafuatayo kabla ya kuandika chochote.

Kwanza, ianze na maswali ya wananchi. Karani wa mapokezi anayajua, kwa sababu anayajibu kila siku. Ayaandike kwa mwezi mmoja, na yale yanayoulizwa zaidi ndiyo yawe mwanzo wa tovuti. Uingereza ilipoanzisha tovuti ya GOV.UK Oktoba 2012 badala ya Directgov na Business Link, kanuni ya kwanza ya watengenezaji wake ilikuwa kuanza na haja ya mtumiaji, wala si haja ya serikali.

Pili, itumie maneno ya wananchi. Mtu anayetafuta mtandaoni huandika "cheti cha kuzaliwa" au "kiwanja". Kama ukurasa umepewa kichwa cha kitaalamu, au umeandikwa kwa Kiingereza peke yake, ataupataje? Sheria ya mwaka 2021 ilikwisha kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama zetu. Sioni sababu ya maelezo ya ada kubaki katika lugha ya kigeni.

Tatu, iwakumbuke wenye ulemavu. Wasioona hutumia programu inayosoma maandishi kwa sauti. Ipo moja iitwayo NVDA, ambayo hutolewa bure. Lakini tangazo likipigwa mhuri, likaskaniwa na kuwekwa kama picha, mara nyingi programu hiyo haioni neno hata moja. Vilevile ukurasa wa Kiswahili usipotambulishwa ndani yake kuwa ni wa Kiswahili, programu huweza kuusoma kwa matamshi ya Kiingereza, na msikilizaji asiambulie kitu. Nchi yetu iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009 na kutunga sheria yake mwaka 2010. Kuandika tangazo kwa maandishi ya kawaida hakuhitaji fedha za kigeni.

Nne, ifikirie bando la mwananchi. Picha kubwa kumi humaliza bando kabla jibu halijaonekana. Ukurasa ujaribiwe kwenye simu ya bei nafuu, mahali ambapo mtandao ni hafifu, kabla ya kutangazwa.

Tano, kila ukurasa uwe na tarehe na uwe na afisa anayewajibika nao. Ada ikibadilika, ukurasa urekebishwe siku hiyo hiyo, na tangazo la zamani liondolewe.

Najua wapo watakaosema kwamba wanavijiji wengi hawana simu za kufungulia tovuti, kwa hiyo haya ni mambo ya watu wa mjini. Sikubaliani nao. Simu moja ya mwalimu, ya mtendaji au ya kijana aliyerudi likizo husomea watu wengi, kama redio moja ilivyokuwa ikisikilizwa na mtaa mzima. Maelezo yakiwa sahihi, watu wengi huokoa nauli. Yakiwa ya uongo, hupotea wote pamoja.

Katiba yetu, ibara ya 18, inampa kila mwananchi haki ya kupewa taarifa juu ya mambo muhimu kwa maisha yake. Haki hiyo haitimizwi kwa kuweka karatasi mahali ambapo hakuna awezaye kuiona. Nawaomba wakuu wa ofisi waanze na jambo dogo: kila mmoja achukue simu yake, atafute katika tovuti ya ofisi yake maswali kumi yanayoulizwa sana dirishani, na ahesabu mangapi yamejibiwa.

Ni mimi,
Msomaji wako wa siku nyingi,
Singida.