Presha ya macho: namba moja haitoshi

Wiki mbili zilizopita nilipanda Kibosho kumsalimia babu. Hiace ikanishusha barabarani, nikakatiza kwenye migomba mpaka nyumbani.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Nani huyo?"

Nilikuwa nimesimama ubavuni pake, hatua mbili tu. Ilibidi ageuze shingo yote ndipo anione. Mwezi huo huo alikuwa ametumbukia kwenye mfereji wa kihamba chake mwenyewe, mfereji ambao ameuruka tangu utotoni.

Babu ana glaukoma, ile ambayo wengi wetu tunaiita presha ya macho. Mara nyingi haiumi. Inakula taratibu mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo, kwa kawaida ikianzia pembeni, na kilichokwisha kuliwa hakirudi. Kinachoniuma mimi ni hiki: miaka kadhaa nyuma alipimwa kwenye kliniki moja akaambiwa, "Mzee, presha yako ya macho ni ya kawaida." Akarudi nyumbani na amani yake. Namba moja ilimpa amani ambayo haikuwa na uwezo wa kumpa.

Hebu mfikirie fundi baiskeli anayebonyeza tairi kwa dole gumba. Tairi nene litaonekana limejaa hata kama upepo ni wa kawaida. Tairi jembamba litabonyea kirahisi, naye atasema upepo ni mdogo. Jicho nalo lina tairi lake: konea, kile kioo cha mbele. Kipimo cha Goldmann, kinachotumika duniani tangu miaka ya 1950, hubonyeza konea na kukisia presha ya ndani. Hesabu yake imejengwa juu ya konea yenye unene wa kama nusu milimita. Konea yako ikiwa nyembamba zaidi, kipimo kinaweza kusoma chini ya ukweli.

Hilo linatuhusu sisi hasa. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 2002 ulionyesha kwamba wenye konea nyembamba walikuwa kwenye hatari zaidi ya kupata glaukoma, na kwamba washiriki weusi walikuwa na konea nyembamba kwa wastani.

Tangu mwaka 2005 kuna mashine zinazokwenda mbele zaidi. Zinapuliza hewa kidogo kwenye jicho, konea inabonyea kisha inarudi, na mashine inapima inavyojibu. Moja ya zilizofuata hupiga picha zaidi ya 4,000 kwa sekunde wakati hayo yakitokea. Konea yenye afya humeza mshindo kama shokapu nzuri. Ile isiyomeza vizuri imehusishwa na glaukoma inayokwenda kasi. Kwa hiyo ulaini wa kioo unaweza kutusaidia kumjua mapema mtu wa kuangaliwa kwa karibu.

Kuna watakaosema hayo ni mambo ya Ulaya, sisi tuna shida za maji na madawati. Sikubaliani nao. Utafiti uliofanyika Kongwa na kutolewa mwaka 2000 ulikuta glaukoma kwa watu wapatao 4 katika kila 100 wenye miaka 40 na kuendelea. Na hapa hapa Moshi, KCMC, kulifanyika utafiti uliotolewa mwaka 2021 ukilinganisha leza na matone ya timolol. Baada ya mwaka mmoja, leza ilifanikiwa kwa asilimia 61 ya macho, matone asilimia 31. Jamani, tiba tumeipima wenyewe, mlimani kwetu! Lakini leza haifufui mshipa uliokufa. Inamsaidia aliyewahi.

Msinielewe vibaya. Sisemi kila kituo cha afya kinunue mashine ya bei mbaya, na hakuna mashine inayochukua nafasi ya daktari kuuangalia mshipa wenyewe, maana wapo wanaoharibikiwa mshipa huku presha ikiwa ya kawaida kweli kweli. Ninachosema ni kwamba mashine hizo ziwepo kwenye hospitali za rufaa zinazofundisha wataalamu, na huku chini kifaa kidogo cha kupima unene wa konea kiwe cha kawaida kama mzani wa kliniki ya watoto. Na mgonjwa asiruhusiwe kwenda nyumbani na namba moja tu.

Sisi vijana tuna sehemu yetu. Glaukoma hutembea kwenye koo. Kama mzazi, kaka au dada yako anayo, usisubiri uanze kugonga milango. Ukienda kupimwa, uliza maswali mawili: mshipa umeonekanaje, na konea yangu ina unene gani? Mimi na mama tumeshakwenda.

Babu bado ana jicho moja linaloona katikati. Tunalilinda hilo.

Naomba kutoa hoja.