Wepesi Si Udhaifu

Msomaji, lipo kosa ambalo wazee huwarithisha vijana: kudhani kuwa kitu kizito ndicho chenye nguvu. Mtu atakaye kutundika machela ya kulalia chini ya mwembe hutafuta mnyororo, kulabu za chuma na misumari mirefu. Amalizapo, ana mzigo wa kumchosha punda, na mti wake una majeraha. Huyo amechagua vibaya, nami nitatoa sababu.

Itazame Kau, kijiji kilicho kando ya mto Ozi, si mbali na Kipini. Katika nchi hiyo ya bondeni maji ni jirani wa kila siku, tena jirani asiyebisha hodi. Mto Tana ulifurika sana mwaka 1961, ukafurika tena mwaka 1997. Siku ya kuhama chombo ni mtumbwi, na atakayepakia mnyororo atapunguza unga. Kitanda huachwa, machela hukunjwa ikatiwa kikapuni. Lakini wepesi wa machela wafaa nini, ikiwa vitundikio vyake ni vizito kuliko yenyewe?

Watanijibu kwamba kamba itakatika. Naam, kamba hukatika, lakini mara nyingi mkosa ni mtundikaji. Wengi hudhani kuwa mtu wa kilo 60 hugawanywa sawasawa, kilo 30 kila upande. Ingekuwa hivyo kama kamba zingening'inia wima. Kamba za machela huenda mshazari. Zikiinuka kwa pembe ya digrii 30 kutoka usawa wa ardhi, kila moja huvutwa kwa uzito wa kilo 60. Zikikazwa hata pembe ikawa digrii 10, kila moja huvutwa kwa kilo 173 hivi. Na ikiwa digrii 5, kwa kilo 344 hivi. Basi anayekaza mno ili awe salama ndiye anayejiangusha.

Chagua hivi: mikanda miwili ya kitambaa kigumu, yenye upana wa vidole viwili au zaidi, izungushwe mtini, kwa maana kamba nyembamba hukata ganda la mwembe, na mwembe ni chakula cha mwaka ujao. Kisha kamba mbili madhubuti, na fundo moja unaloweza kulifungua gizani mvua ikinyesha. Yatosha. Acha machela ilegee, itundike kwa kimo cha kiti, usifunge katika mti mkavu, na kagua kamba kila jioni. Jicho lako lina kazi ambayo chuma hakiwezi kukufanyia.

Sikudharau chuma; kina mahali pake. Nadharau uvivu wa kununua uzito badala ya kufikiri. Mto ukipanda, hutaulizwa ulikuwa na chuma kiasi gani. Utaulizwa ni nani uliyemlaza pakavu.