Dakika ya 88 na kiti cha kocha wa Taifa Stars

USOKE, Tabora

Mkulima wa tumbaku wa Usoke, wilayani Urambo, hakwenda San Pedro wala Korhogo. Hata hivyo, ukiteremka treni ya Kigoma katika kituo hiki, kwenye njia iliyopitwa zamani na misafara ya Ujiji, utamkuta anaijua kwa kichwa hesabu ya Kundi F la fainali za Mataifa ya Afrika zilizofanyika Ivory Coast Januari 2024. Hesabu hiyo yafaa kurudiwa kila linapozuka suala la nani aifundishe Taifa Stars.

Itakumbukwa kuwa Januari 17 Stars ilichapwa mabao 3-0 na Morocco, huku Novatus Miroshi akitolewa kwa kadi nyekundu. Siku mbili baadaye kocha Adel Amrouche, raia wa Algeria, hakuwa tena na timu. Shirikisho la Soka Afrika (CAF) lilimfungia mechi nane kwa matamshi yake kuhusu ushawishi wa Morocco ndani ya shirikisho hilo, na TFF nayo ikamsimamisha. Timu akakabidhiwa Hemed Suleiman, akisaidiwa na Juma Mgunda. Jina la utani la Hemed ni Morocco, na wiki ile lilisikika kama mzaha wa majaliwa.

Januari 21, dhidi ya Zambia, Simon Msuva alifunga dakika ya 11. Kabla ya mapumziko Roderick Kabwe akatolewa, Zambia ikabaki na wachezaji kumi. Kipindi kizima cha pili kilikuwa cha kulinda bao moja mbele ya timu pungufu. Dakika ya 88 Patson Daka akasawazisha kwa kichwa. Siku tatu baadaye Stars ilitoka suluhu na Kongo na kurejea nyumbani ikiwa ya mwisho, na pointi mbili.

Laiti bao lile lingelindwa, Stars ingemaliza na pointi nne. Kongo, iliyoshika nafasi ya pili, ilikuwa na tatu tu. Kwa maneno mengine, kilichotutenga na hatua ya 16 bora ni dakika chache za utulivu: kushikilia mpira, kupunguza kasi, kutotoa nafasi langoni. Hayo hufundishwa kwa miezi. Benchi lililokuwa uwanjani siku ile lilikuwa na siku mbili.

Wala si mara ya kwanza. Emmanuel Amunike aliirudisha Stars katika fainali hizi baada ya miaka 39, kwa kuifunga Uganda 3-0 jijini Dar es Salaam Machi 2019. Huko Misri ikafungwa na Senegal, Kenya na Algeria, na kabla Julai haijafika katikati alikuwa ameondoka. Wakafuata Etienne Ndayiragije, Kim Poulsen, Honour Janza na Amrouche. Hemed naye, aliyetupeleka fainali za 2025 kwa kuifunga Guinea 1-0, aliondolewa Novemba 2025, wiki chache kabla ya mashindano, akaletwa Miguel Gamondi.

Gamondi alipata pointi mbili nchini Morocco. Mbili zile zile! Safari hii zilitosha kupita kama mmoja wa washindwa bora, na Stars ikatolewa na wenyeji kwa bao moja. Walioziita pointi mbili za Ivory Coast aibu waliziita hizi mafanikio, nami sioni tofauti ya mchezo inayolingana na tofauti hiyo ya maneno. Tangu 1980 tumecheza mechi 13 za fainali hizi bila kushinda hata moja, chini ya makocha wa kila aina.

Fainali za 2027 zimekabidhiwa Kenya, Uganda na Tanzania. Wadau wa soka wanaotaja majina ya makocha wangeanza na swali la mkataba: je, utasema wazi kwamba matokeo ya mechi tatu hayatauvunja? Wangeuliza pia kuhusu huku. Tangu Rhino Rangers iliposhuka mwaka 2014, mkoa wa Tabora ulisubiri hadi msimu wa 2023/24 kuiona timu yake Ligi Kuu, Tabora United. Kijana aliyezaliwa Usoke mwaka ule wa Rhino alikuwa na umri wa miaka tisa ligi iliporejea Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi, na nauli ya kwenda kuitazama bado ilikuwa ya kuombwa kwa mjomba.