Si kila tumbo linalouma lina alsa

Simama mlangoni pa duka lolote la dawa pale Makutano mjini Meru, au karibu na stendi ya matatu mjini Embu, kisha utege sikio. Haitapita muda kabla hujamsikia mtu akisema, "Nipe dawa ya alsa." Ni nani aliyempima akaiona hiyo alsa? Hakuna. Amejibonyeza tumbo mwenyewe, akajiandikia dawa, akalipa na kwenda zake.

Sisemi kwamba alsa haipo. Ipo, na ni maradhi mabaya. Ninalosema ni kwamba jina hilo limegeuka kapu la kutilia kila maumivu yaliyo juu ya kitovu. Ndani ya kapu hilo umo ugonjwa mmoja usiongoja: uvimbe wa ghafla wa kifuko cha nyongo.

Kifuko hicho unakijua. Kila aliyewahi kuchinja mbuzi amekiona kimeng'ang'ania chini ya ini, kijani, akakikata polepole kisije kikapasuka na kuitia nyama uchungu. Binadamu naye anacho, upande wa kulia chini ya mbavu. Kazi yake ni kuweka akiba ya nyongo inayotengenezwa na ini na kuimimina utumboni tunapokula mafuta. Nyongo ikiganda huwa vijiwe. Vijiwe vyaweza kukaa humo miaka mingi bila kumsumbua mtu. Lakini kimoja kikiziba njia, kifuko hujaa, hufura, na mambo yakiachwa huweza kuoza au kutoboka.

Shangazi yangu, mkulima wa majani chai, alitibiwa alsa miezi minane katika zahanati ambayo sitaitaja. Kila alipokula nyama au chapati, usiku ulikuwa mrefu. Alipewa vidonge vya kutafuna, kisha vya kumeza, akakatazwa maharagwe na pilipili. Siku maumivu yalipokataa kuondoka kutwa nzima, homa ikapanda na matapishi yakawa hayakomi, ndipo tulipomfikisha hospitali kubwa. Picha ya ultrasaundi ilichukua muda mfupi kuliko foleni ya kulipia. Kifuko kilikuwa kimejaa vijiwe na ukuta wake umevimba. Alifanyiwa upasuaji akapona. Lakini miezi minane ilipotea kwa kukosa picha ya dakika 15!

Wengi wetu tunadhani skani ni ya wajawazito tu, ya kumtazama mtoto na kubashiri kama ni mvulana au msichana. La hasha! Ian Donald wa Glasgow na wenzake walipochapisha matokeo yao mwaka 1958, walikuwa wakichunguza pia uvimbe wa tumboni. Mashine hutuma mawimbi ya sauti ambayo sikio haliyasikii, nayo hugonga viungo na kurudi kama mwangwi wa bondeni. Haina miale kama ya eksirei, haihitaji sindano, na aghalabu gharama yake ni nafuu kuliko ya skani ya CT.

Kwa kifuko cha nyongo, mtaalamu hutazama mambo manne. Kwanza ni vijiwe, ambavyo hung'aa na kuacha kivuli nyuma yao. Pili ni unene wa ukuta. Ule wa kawaida hauzidi milimita 3. Tatu ni maji yaliyojikusanya kandokando ya kifuko. Nne, hubonyeza kwa kile kifaa cha mkononi juu ya kifuko chenyewe na kuuliza kama hapo ndipo panapouma zaidi. Ukipewa ripoti, uliza kuhusu yote manne. Ni haki yako.

Hata hivyo, picha si hakimu wa mwisho. Utafiti mwingi uliojumlishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba ultrasaundi huutambua uvimbe huu kwa wagonjwa takriban 8 kati ya 10 walio nao. Wawili waliobaki wanaweza kukosewa. Aidha, ukuta huweza kunenepa kwa sababu ya ugonjwa wa ini au wa moyo. Ndiyo maana mkono wa daktari chini ya mbavu, kipimo cha damu na picha havina budi kwenda pamoja. Picha ikisema u mzima na homa bado inapanda, usikubali kurudishwa nyumbani. Kadhalika, ukionekana na vijiwe ambavyo havijawahi kukuuma, usikimbizwe kwenye kisu. Aghalabu huachwa vilivyo.

Wapo watakaoniambia kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu. Fikra hiyo ina asili yake. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi Uganda kuanzia mwaka 1946 hadi miaka ya 1960, alieleza kwamba vijiwe vya nyongo vilikuwa adimu Afrika, na akakisifu chakula chetu chenye nyuzinyuzi. Lakini sahani ya leo mjini Meru au Embu si ile aliyoiona Burkitt. Githeri imesukumwa kando na chipsi, na maziwa lala na soda. Tukiula mlo mpya, tusidai kubaki na maradhi ya zamani pekee. Walio katika hatari zaidi ni wanawake, hasa waliozaa mara kadhaa, waliopita umri wa miaka 40 na watu wanene, ingawa hakuna aliyepewa hati ya kuepuka.

Sasa nawageukia wakubwa wa kaunti zetu. Mwaka 2015 serikali kuu ilianzisha mpango wa kukodisha vifaa vya matibabu, hospitali mbili katika kila kaunti, na mashine za picha zikiwemo. Seneti ilipouchunguza mpango huo na kutoa ripoti mwaka 2020, moja ya malalamiko yaliyosikika ni vifaa kukaa bila kazi kwa kukosa wataalamu. Mashine isiyo na mtu wa kuishika ni fanicha. Mgonjwa anayeshuka kutoka Laare au Mikinduri, au anayepanda kutoka Kiritiri au Ishiara, hachagui saa ya kuumwa. Chuo cha mafunzo ya utabibu cha KMTC kina matawi Meru na Embu. Kwa nini matabibu wetu wasifundishwe kutambua angalau vijiwe na ukuta uliovimba, na picha zenye utata zikapelekwa kwa bingwa?

Nawe msomaji, una kazi mbili. Ya kwanza, uliza leo ukiwa mzima: hospitali iliyo karibu nawe hufungua chumba cha skani usiku na siku ya Jumapili? Ukiambiwa la, mwulize mwakilishi wadi wako sababu. Ya pili, maumivu ya chini ya mbavu za kulia, au ya chembe ya moyo yakielekea bega la kulia, yakizidi saa sita, au yakifuatana na homa, kutapika au macho ya manjano, usiende dukani. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, na uulize kuhusu picha. Madaktari wa upasuaji siku hizi hupenda kukiondoa kifuko mapema, ndani ya siku chache za mwanzo, mgonjwa akiwa na nguvu za kuhimili.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi hatuyafichi maradhi haya. Tunayataja kutwa kucha dukani, ila kwa jina lisilo lake, na hatari yake ni ile ile.