Meseji za Msiba Siwapi

Bei ni kwa ukurasa. Mtafsiri aliniambia hivyo kabla sijakaa, akaongeza kwamba ukurasa wenye maneno matatu na ukurasa uliojaa vinalipiwa sawa, kwa sababu muhuri ni uleule. Ofisi yake ni chumba kimoja ghorofani, Kariakoo, chini ya pangaboi lililochoka. Ni mtu wa rika la baba yangu. Nilimwamkia shikamoo, nikampa bahasha yenye meseji nilizoandikiana na mchumba wangu, ambazo sharti zigeuzwe Kiingereza na kuthibitishwa, kwa kuwa serikali ya Uingereza haipokei mapenzi ya Kiswahili yakiwa peke yake. Akavaa miwani, akasoma ya kwanza, akaivua.

"Mwanangu," akasema, "unaonaje ukanichagulia wewe zile zinazosomeka?"

Aibu ile haikuwa yake wala yangu. Tuliwekewa mezani. Sheria ya uhamiaji ya Uingereza inamtaka anayeomba viza ya kwenda kufunga ndoa aonyeshe kwamba uhusiano wake ni wa kweli, na sina ugomvi na neno hilo. Ugomvi wangu ni na vitu vinavyohesabiwa kuwa ushahidi wake, na aina ya watu ambao vitu hivyo vimewaacha nje hata kabla hawajajaza fomu.

Waulize waliotangulia, watakwambia: picha zenu wawili, za miezi tofauti, sehemu tofauti. Skrinshoti. Tiketi za ndege. Risiti za hoteli mliyolala pamoja. Hapo kwenye hoteli nilicheka kwa sauti nikiwa steshenari, dada anayeprinti akageuka kuniangalia. Mimi nimelelewa Tanga. Mchumba wangu alipokuja alifikia kwa shangazi yake Mombasa, tukaonana kwetu, sebuleni, mlango wazi, mdogo wangu amekaa katikati yetu anacheza gemu kwenye simu. Hiyo ndiyo ilikuwa heshima aliyonipa mimi na aliyompa baba yangu. Picha tulizonazo zina watu kumi. Kwenye moja tuko pande mbili za sinia la pilau, na katikati kuna mjomba anayepepesa macho.

Yeye amezaliwa Coventry, wazazi wake ni watu wa Mombasa. Kiswahili chake ni cha jikoni kwa mama yake: anakisema vizuri, anakiandika vibaya mno. Kwa hiyo tunatumiana voisi. Dakika saba, dakika kumi na moja, nyingine karekodi ndani ya basi akirudi kazini usiku, nasikia kengele ya mtu anayetaka kushuka. Miaka mitatu ya maisha yetu imo humo, na voisi haziprintiki. Zilizoandikwa ni "umekula?", "nimefika" na "nipigie". Nimezitazama kwa jicho la afisa asiyenijua, nikaona watu wawili wanaoulizana chakula.

Barua ya posa ililetwa na mshenga, ndani ya kitambaa cheupe, na fedha yake kama ada. Wazee wakaipokea, wakasema watajibu. Zikafuata wiki mbili za kuulizana ukoo kwa ukoo, simu zikapigwa mpaka Lamu: babu yake nani, aliwahi kuoa, anaswali, ana deni la mtu? Watu wasiopungua kumi na tano walichunguza kama jambo hili ni la kweli, na kwa ukali ambao idara yoyote ya uhamiaji ingeutamani. Siku ya posa mimi nilikuwa chumba cha nyuma na shangazi zangu. Mwenyewe alikuwa kazini ghalani, Coventry, zamu ya mchana. Hakuna picha yetu siku hiyo kwa sababu sisi wawili hatukutakiwa pale.

Sasa mfikirie muongo. Ndoa za makaratasi zipo, sikatai, na mtaani kwetu hakuna asiyeijua angalau moja. Anayeoa kwa makaratasi anajua tangu siku ya kwanza kwamba atahitaji faili. Atapiga picha ufukweni akibadilisha shati mara tatu. Atatuma "nakupenda" kila asubuhi, kwa Kiingereza ili asilipie tafsiri, na risiti atazitunza. Faili lake litakuwa zuri kuliko langu. Mtego huu unawanasa wenye haya, na wenye mpango wanapita juu yake wakiwa wamevaa viatu.

Wala si mara ya kwanza kwa nchi ile kutafuta ukweli wa mchumba pasipostahili. Januari 1979, mwanamke wa Kihindi alitua Heathrow kwenda kuolewa. Maafisa walishuku kwamba tayari ni mke wa mtu, akapelekwa kwa daktari achunguzwe kama ni bikira. Habari ilipotoka magazetini ilizua kelele, na uchunguzi ule ukapigwa marufuku. Nasoma habari hiyo kisha naangalia bahasha yangu. Sitavuliwa nguo, najua, na sisemi mambo haya mawili ni sawa. Nasema swali ni lilelile: tufunulie tuone.

Halafu kuna kisa cha 1985, ambacho kila anayeamini kwamba mahakama zitatuokoa akisome. Wanawake watatu wenye haki ya kuishi Uingereza walilalamika Strasbourg kwamba wanaume wenzao wanaruhusiwa kuleta wake zao, wao wanazuiwa kuleta waume. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikakubali kwamba ule ni ubaguzi wa kijinsia. Serikali ikautekeleza uamuzi kwa namna yake: badala ya kuwalegezea wanawake, ikawakazia na wanaume. Wote wakawa sawa, mlango ukiwa umefungwa.

Tuseme afisa ameamini. Bado kuna bei. Tangu Aprili 2024 anayemwalika mchumba lazima awe na kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka. Kabla ya hapo, tangu 2012, ilikuwa pauni 18,600. Kima cha chini cha mshahara kule, kuanzia Aprili 2025, kilikuwa pauni 12.21 kwa saa. Zidisha mwenyewe: saa 40 kwa wiki, wiki 52, hakuna hata siku moja ya kuugua bila malipo, unapata kama pauni 25,400. Serikali moja, ndani ya mwaka mmoja, inamwambia mtu kwamba mshahara huu ni halali kwako kuishi, lakini si halali kwako kuoa mtu wa nje. Kipato changu mimi hakihesabiwi, hata ningekuwa na maduka matatu Kariakoo. Mwenye akiba ya pauni 88,500 benki haulizwi mshahara. Mchumba wangu amechukua zamu za Jumamosi na Jumapili tangu mwaka jana ili afikie kiwango, na voisi zimepungua kwa sababu analala. Kwa hiyo mapenzi yanapungua kwenye simu ili yaongezeke kwenye faili!

Nikifika, nitakuwa na miezi sita ya kufunga ndoa, bila ruhusa ya kufanya kazi, na hapo nitaomba tena, kwa ada nyingine.

Watu huniuliza kwa nini tusifunge ndoa hapa, yaishe. Kwanza haiishi, mke anayemfuata mume anakutana na kiwango kilekile cha pauni. Pili, mama yake anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, hawezi kupanda ndege, na mtoto ni huyo mmoja. Anataka kuona nikahi ya mwanawe.

Yeye akitaka kuja kuniona hujaza fomu mtandaoni, hulipa dola 50, na Tanzania haimuulizi ananipenda kiasi gani. Ila tusijipongeze haraka. Mwanaume wa Kitanzania akioa mgeni, Sheria ya Uraia ya 1995 imemwekea mkewe njia ya kuomba uraia kwa ndoa hiyo. Mimi nikiolewa na mgeni, mume wangu hana njia hiyo. Nikilia na Uingereza nalia na Dodoma pia, na wanaonisikiliza kuhusu ya kwanza wakakunja uso kwenye ya pili nawafahamu vizuri. Wengine ni wajomba zangu.

Kuna meseji ambazo hazimo kwenye bahasha. Baba alipolazwa, mwaka jana, nilikesha naye usiku tatu wodini, na wodini huwezi kuongea. Hapo ndipo tuliandikiana. Yeye aliyeshindwa kuandika Kiswahili aliandika mpaka alfajiri, makosa matupu, akiniuliza anapumuaje, umemgeuza, umekunywa chai. Usiku wa tatu, saa kumi kasoro, niliandika maneno mawili, naye alijibu kwa urefu ambao hajawahi kuandika kabla wala baada. Rafiki yangu aliyepitia njia hii aliziona akasema, "Hizo ndizo hasa. Ziweke mbele kabisa."

Najua ana haki. Hakuna afisa angesoma zile akatilia shaka. Niliziprinti, kurasa kumi na nne, nikatembea nazo wiki nzima kwenye mkoba, na siku ya kwenda Kariakoo nikazitoa nikaziacha nyumbani ndani ya msahafu wa baba.

Mtafsiri alihesabu kurasa mara mbili, akaandika bei kwenye kipande cha karatasi, akakisukuma upande wangu.

"Ndizo zote?"

"Ndizo zote, baba."

Akaniambia nirudi Alhamisi.