Bi harusi, gari ni ya maisha, si ya siku ya harusi



Mfunguo mosi ukiingia tu, kadi za harusi hujaa mezani na simu yangu hujaa maswali. Zamani nikiulizwa kuhusu hina, mapambo na ukumbi. Siku hizi swali linalorudi ni hili: "Dada, mchumba wangu anataka tununue gari kabla ya ndoa. Tununue ipi?" Anayeuliza hunitumia na picha, na karibu kila mara ni gari kubwa, nyeusi, inang'ara, ya kupendeza kwenye msafara wa harusi.

Maoni yangu nayasema mapema: iacheni hiyo. Nunueni gari ndogo ya injini, kubwa ya nafasi, mtakayoweza kuijaza mafuta mwezi wowote. Na wewe bi harusi uwemo katika uamuzi, tangu siku ya kuitazama mpaka siku ya kuandikishana.

Somo hili nimelilipia mwenyewe. Tulipooana tulinunua gari ya aina hiyo hiyo, injini ya 2400. Mume wangu alitoa akiba yake, mimi nikauza bangili zangu mbili. Siku ya harusi kila mtu aliisifu. Baada ya miezi minne ilikuwa inalala nje huku sisi tukipanda daladala. Usiku mmoja tukapigiwa simu kuwa mama amezidiwa, yuko Makunduchi. Gari ipo mlangoni, lakini ndani yake hamna mafuta hata ya kufika Tunguu. Tuliokolewa na jirani mwenye Passo kuukuu, na mama alifika hospitali salama, alhamdulillah. Mimi nilirudi nyumbani nikaitazama ile gari yetu kama mgeni asiyejua kuaga.

Basi msianze na gari. Anzeni na watu. Hesabuni nani atapanda: nyinyi wawili, mtoto akijaaliwa na kiti chake, mama mkwe siku ya kliniki, mawifi siku ya shughuli, na masufuria ya pilau ya hitma. Kwa familia changa ya hapa kwetu, injini kati ya 1300 na 1500 inatosha kabisa. Kisiwa chenyewe, kutoka mjini hadi Nungwi ni kama kilomita 60, na vilima tulivyonavyo ni vya kuhesabu.

Kama mko wawili na mnatarajia mtoto mmoja au wawili, tazameni Honda Fit. Kwa nje ni ndogo, lakini tangi lake la mafuta limewekwa chini ya siti za mbele, kwa hiyo siti za nyuma hukunjwa zikalala na ndani kukabaki uwanja. Mwenye mzee nyumbani aitazame Raum, toleo lililoanza 2003. Ina injini ya 1500, milango ya nyuma ya kuburuza, na upande wa kushoto hakuna nguzo katikati ya mlango wa mbele na wa nyuma. Bibi mwenye magoti mabovu na buibui refu huingia bila kujipinda. Wenye familia kubwa kidogo waitazame Sienta, siti saba kwa injini ile ile ya 1500, au Spacio ya siti saba. Ila msidanganyike na hesabu ya saba: safu ya mwisho ni ya watoto, na ikisimamishwa buti linabaki la mkoba tu. Noah ya siti nane ni gari nzuri, lakini ni injini ya 2000. Ichukueni mkiwa na watu wa kuijaza kila siku, si mara mbili kwa mwaka siku ya Idi.

Sasa mafuta. Tuseme mnakwenda kilomita 1,000 kwa mwezi. Gari inayokwenda kilomita 14 kwa lita itataka kama lita 71. Inayokwenda kilomita 8 itataka lita 125. Tofauti ni lita 54 kila mwezi. Izidisheni kwa bei ya kituoni leo, kisha mniambie kama sifa za siku moja zinafika hapo. Na msiamini maneno ya dalali kwamba "hii hainywi, inanusa tu." Ukipata mtu mwenye gari ya aina hiyo, mwombe ajaze tangi mpaka juu, arudishe kihesabio cha safari kwenye sifuri, atembee siku kadhaa, ajaze tena mpaka juu. Kilomita gawanya kwa lita ulizoongeza. Jibu hilo ndilo la kweli.

Wahenga walisema nyumba njema si mlango. Gari nayo njema si rangi. Sisi tumezungukwa na bahari, chumvi inakula chuma kimya kimya, kwa hiyo kabla ya kusifia siti, mwambie fundi wako ainyanyue muitazame chini. Nasema fundi wako, si wa muuzaji. Inua mazulia ya ndani unuse kama pana unyevu. Iwasheni asubuhi injini ikiwa baridi. Moshi wa buluu maana yake inaunguza oili. Ipitisheni njia mbovu msikilize miguu inavyogonga. Kama imeagizwa Japani, ombeni karatasi ya mnada. Alama ya R au RA huonyesha gari iliyopata ajali ikatengenezwa, S ni kutu, na C ni kutu iliyokwisha kula bati. Muuzaji asiyetaka kuonyesha karatasi hiyo, mshukuruni muondoke.

Nifike kwenye lililo zito zaidi. Mahari ni haki ya mwanamke, na Qur'ani katika Surat An-Nisaa imeamrisha apewe. Ukipenda kumsaidia mumeo kwa mahari yako au dhahabu yako, hilo ni jema na lina malipo. Lakini semeni kabla: ni zawadi, ni deni, au ni ushirika? Kama ni deni, liandikeni. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Surat Al-Baqara, inazungumzia kuandika madeni. Kama ni ushirika, kadi ya gari isome majina yenu, au muwe na karatasi yenye mashahidi. Gari yetu ile tuliiuza kwa hasara, na ulipofika wakati wa kugawana kilichobaki, hakuna aliyekumbuka bangili zangu ziliuzwa shilingi ngapi. Mume wangu, Allah amlinde, si mtu wa dhulma. Alisahau tu, na mimi pia. Lakini wiki ile tulinuniana kwa jambo ambalo mstari mmoja wa kalamu ungelimaliza.

Na wanaotaka kukopa, wajiepushe na riba. Benki kadhaa hapa visiwani, PBZ ikiwemo, zina huduma za Kiislamu. Ulizieni murabaha: benki hununua kitu kisha hukuuzieni kwa faida inayojulikana tangu mwanzo.

Wapo watakaosema gari ni mambo ya wanaume. Bibi Khadija, Allah amridhie, alikuwa mfanyabiashara mwenye misafara yake. Mwanamke kuuliza bei na kukagua mali si jambo la kuonewa haya. Haya ni kukaa kimya leo, kesho ukalalamika.

Mtume, rehma na amani zimshukie, ametaja kipando chenye raha miongoni mwa mambo yanayomfurahisha mtu duniani, pamoja na mke mwema, jirani mwema na makazi yenye nafasi. Raha hiyo ni ya anayepanda. Wanaotazama barabarani watasahau kabla ya maua hayajanyauka.

Allah akujaalieni ndoa zenye utulivu na vyombo vyenye kheri, vikufikisheni kwa wazazi wenu kila mnapohitajika. Amin.